Vijana, Mfuko na Hesabu

Liko neno ambalo hatukosi kulisikia kila tunapokutanika, ikiwa ni arusini, au shuleni siku ya kufunga mwaka, au katika mkutano wa kijiji: ya kwamba vijana ni taifa la kesho. Msemaji akisha kulitamka, wazee hupiga makofi, na vijana nao hupiga makofi, kisha kila mtu hurudi kwake. Neno hili ni zuri, wala hatutaki kulikataa. Lakini yafaa tuulize: hiyo kesho ni siku gani? Maana mtu akikuambia, “Njoo kesho nikulipe deni lako,” nawe ukaja, naye akakuambia tena, “Njoo kesho,” utafahamu upesi kwamba hana nia ya kulipa.

Twataka kufikiri pamoja na wasomaji wetu juu ya jambo hilo. Je, ni haki kumtaka kijana aitengeneze nchi yake, na huku hatujamkabidhi kitu cho chote cha kuitengenezea? Tena, je, ni haki kijana naye kudai akabidhiwe, ikiwa hayuko tayari kuulizwa? Sisi twaona kwamba kijana hawi mtu wa kuleta mageuzi mema kwa kuhubiriwa tu, wala kwa kupewa fedha tu, bali kwa kukabidhiwa mfuko pamoja na hesabu yake. Mfuko bila hesabu humharibu. Na hesabu bila mfuko humkatisha tamaa. Tutaeleza sababu zetu, na msomaji atapima mwenyewe.

Kwanza yatupasa kueleza ni kazi ya namna gani tunayoisema. Siku hizi watu wa mijini hutaja sana ujasiriamali jamii. Jina ni jipya, lakini maana yake si ngumu. Ni biashara kama biashara nyingine: watu hutengeneza kitu, wakakiuza, wakapata faida. Tofauti ni kwamba biashara hiyo haikuanzishwa ili mtu mmoja atajirike, bali ili shida fulani ya watu iondoke. Na faida ikipatikana, sehemu kubwa hurudishwa katika kazi ile ile. Mathalani, kijiji hakina mashine ya kusaga, na akina mama hutembea mbali na mizigo kichwani. Vijana kumi wakichanga fedha, wakanunua mashine, wakasaga kwa bei ya haki, wakajilipa ujira wa kiasi, na kilichobaki wakakiweka kwa ajili ya kununua ya pili katika kitongoji cha mbali, hiyo ndiyo kazi tunayoisema. Si sadaka, maana akina mama hulipa. Wala si uchumi wa mtu mmoja, maana lengo ni mzigo kushuka kichwani mwa mama.

Wako watu wema wanaochukizwa na jambo hili. Husema, “Huruma haiuzwi. Ukitaka kumsaidia mwenye shida, msaidie. Na ukitaka kufanya biashara, fanya. Lakini usivichanganye, maana mwisho wake biashara itaimeza huruma.” Maneno haya si ya kupuuzwa. Tumeona wafanyao biashara kwa jina la maskini, na maskini wakabaki vile vile. Lakini kabla ya kuyakubali yote, tutazame kazi moja iliyo karibu nasi.

Katika mji wa Iringa iko karakana iitwayo Neema Crafts. Ilianzishwa mwaka 2003 chini ya Kanisa Anglikana, Dayosisi ya Ruaha, na mwanzilishi wake alikuwa Bibi Susie Hart, mwanamke wa Kiingereza aliye fundi wa kazi za mikono. Alianza na vijana watatu viziwi, akawafundisha kutengeneza karatasi. Na karatasi yenyewe ilitengenezwa kwa kitu ambacho wengi wetu tungekikanyaga bila kukitazama, yaani mavi ya tembo, ambayo yamejaa nyuzi za majani na magome aliyokula mnyama yule. Huchemshwa, husafishwa, hupondwa, hutandazwa na kukaushwa, na karatasi hiyo wageni huinunua. Kutoka mwanzo huo mdogo kazi iliongezeka: kufuma, kushona, ushanga, vyungu, na mengineyo, hata watu wenye ulemavu waliopata kazi humo wakapita mia moja. Wakafungua na mkahawa ambao wahudumu wake ni viziwi. Mgeni huandika anachotaka, au hujifunza ishara chache zilizochorwa, naye huletewa chakula chake.

Sasa tufikiri vizuri juu ya mkahawa ule. Zamani kijana kiziwi katika vijiji vyetu alikuwa nani? Wengine walimficha ndani. Wengine walimhesabu kuwa ni mzigo, na wengine hata kuwa ni aibu. Mtu mwenye huruma alimpa nguo kuukuu na sahani ya chakula. Huruma hiyo ilikuwa njema, lakini ilimwacha pale pale ilipomkuta: yeye ni mpokeaji, na wewe u mtoaji, leo na mwakani. Lakini mkahawani mambo yamegeuka. Mwenye masikio ndiye mgeni asiyejua lugha ya mahali pale, naye kiziwi ndiye mwenyeji. Mwisho wa mwezi apokea ujira, si zawadi. Akirudi kwao na ujira huo, akamlipia mdogo wake vifaa vya shule, hapana mtu wa kijiji awezaye tena kumwita mzigo.

Basi kwa habari ya lile neno kwamba huruma haiuzwi, twajibu hivi: ni kweli huruma haiuzwi, lakini karatasi yauzwa, na chai yauzwa, na mara nyingine jambo la huruma kupita yote ni kumwezesha mtu awe na kitu cha kuuza. Sadaka ni dawa ya siku ya njaa, na siku hiyo hatuna haki ya kuikawiza. Lakini mtu akilishwa dawa ya njaa miaka yote, atasahau kwamba mikono yake ni mizima. Hatari ya biashara kuimeza huruma ipo, nasi hatuikani. Dawa yake tutaitaja mbele, nayo ni hesabu inayosomwa wazi.

Tena tuangalie kwamba vijana wale watatu hawakuanza kwa kupewa hotuba juu ya taifa la kesho. Walipewa malighafi, vyombo vya kazi, na soko, wakakabidhiwa kazi ambayo ikiharibika, itaharibika mikononi mwao. Hilo ndilo jambo tunalotaka kulifuatia sasa.

Huenda mzee fulani atasema, “Haya ya kuwakabidhi vijana ni mambo ya kigeni. Desturi yetu ni mtoto kumngojea baba.” Sisi twamwomba mzee huyo aje pamoja nasi mpaka Rungwe, katika mkoa wa Mbeya, akaone waliyofanya Wanyakyusa wa zamani. Habari zao ziliandikwa na Bibi Monica Wilson, ambaye pamoja na mumewe Godfrey alifanya utafiti katika nchi ile kati ya mwaka 1934 na 1938, akatoa kitabu chake, Good Company, mwaka 1951.

Katika desturi ile, mtoto wa kiume alipofika umri wa miaka kumi au kumi na mmoja, alitoka katika nyumba ya baba yake. Yeye na wenzake wa rika moja walijenga vibanda vyao pembeni mwa kijiji cha baba zao. Walirudi kwa mama zao kula, wakienda kundi zima leo nyumba hii na kesho nyumba ile, na mashamba ya baba zao waliyalima. Lakini walilala kwao, na mashauri yao waliyafanya kwao. Walipokua wakaoa, wake zao waliwaleta katika kijiji hicho hicho. Kwa hiyo kijiji kilikuwa cha rika, si cha ukoo. Jambo lililosifiwa humo kuliko mengine waliliita ukwangala, yaani kukaa na wenzako kwa uzuri, kula nao na kuzungumza nao. Na mtu aliyekula peke yake alidharauliwa.

Kisha, yapata mara moja katika kila kizazi, ilifanyika sherehe iliyoitwa ubusoka, maana yake kutoka. Siku hiyo wazee walikabidhi nchi. Wana wawili wa malafyale, mtawala wao, walitangazwa mbele ya watu, na nchi ikagawanywa kati yao. Wakuu wapya wa vijiji walichaguliwa, na ardhi ikapangwa upya. Mioto yote ya zamani ilizimwa, na moto mpya ukapatikana kwa kupekecha. Baada ya hapo utawala ulikuwa wa vijana. Wazee waliendelea kuheshimiwa, na katika mambo ya ibada walihitajiwa sana, lakini hawakuwa tena wenye nchi.

Hatuandiki haya ili turudishe desturi ile. Haikuwa haina kasoro. Ilikuwa ya wanaume peke yao. Wasichana hawakukabidhiwa nchi, bali waliozwa mapema. Tena ng'ombe wa mahari walikuwa mikononi mwa wazee, hata kijana alingoja miaka mingi kupata mke, na huku wazee wakiongeza wake. Nayo ardhi ilipokuwa haba, na kahawa na mishahara ilipoingia, desturi ile ilidhoofika, kwa kuwa kila mwana alitaka kurithi shamba la baba yake mwenyewe. Lakini ndani yake lilikuwamo jambo moja la busara ambalo sisi tumelipoteza. Wanyakyusa nao walikuwa na taifa la kesho, ila kesho yao ilikuwa na siku yake. Kijana alijua ya kuwa iko siku moto wa wazee utazimwa, naye ataulizwa habari ya moto mpya. Na kabla ya siku hiyo alikuwa amekwisha kukaa miaka mingi katika kijiji cha rika lake, akijifunza kuamua na kupatanisha. Hakukabidhiwa nchi akiwa mgeni wa kazi.

Kwa hiyo lile neno “Penye wazee haliharibiki neno” twalikubali. Lakini hatusomi ndani yake kwamba wazee ndio washike kila neno mpaka kufa.

Sasa tuvuke mpaka wa Njombe, tushike barabara ya Songea. Ruvuma si Mbeya wala si Iringa, lakini ni jirani yetu, na liko jambo lililotukia huko ambalo kila mwenye kuwapenda vijana yafaa alijue, maana linaonyesha pande mbili za swali letu: uzuri wa kuwakabidhi, na uchungu wa kuwanyang'anya.

Mwaka 1960, karibu na Uhuru, vijana wachache wa Umoja wa Vijana wa TANU walikwenda mahali paitwapo Litowa wakaanzisha kijiji. Kiongozi wao alikuwa Bwana Ntimbanjayo Millinga. Hawakuwa na mali. Walipata njaa na shida nyingi, na wengine walikata tamaa wakarudi makwao. Waliobaki walilima pamoja, wakagawana walichopata, na kila jambo kubwa walilishauri mkutanoni, ambako kila mmoja alikuwa na haki ya kusema. Mwaka 1963 Bwana Ralph Ibbott, Mwingereza, alikuja na jamaa yake kukaa nao awe mshauri, si bwana. Vijiji vingine vilipoona, viliiga, vikaungana katika chama kilichoitwa Ruvuma Development Association. Kufika mwaka 1969 vijiji hivyo vilikuwa kama kumi na saba.

Tazama waliyoyafanya. Walikuwa na mashine ya kusaga nafaka mjini Songea, na kiwanda cha kupasua mbao. Walijenga shule yao pale Litowa, chini ya mwalimu Suleman Toroka, ambamo watoto walijifunza kusoma na pia kuyafahamu maisha ya kijiji chao na kuyatumikia. Vijana waliopata ujuzi walitumwa katika vijiji vingine kuwafundisha wenzao. Mwalimu Nyerere aliisifu kazi hii, na alipoandika mwaka 1967 juu ya ujamaa vijijini, mfano wa Ruvuma ulikuwa mbele ya macho yake.

Lakini tarehe 24 Septemba 1969, Kamati Kuu ya TANU iliamua kwamba chama kile kivunjwe. Mashine zake zikachukuliwa, walimu wa Litowa wakatawanywa katika shule nyingine, na wageni waliokuwa wakisaidia wakaondoka. Sababu zake zimejadiliwa na wengi. Lililo wazi ni kwamba wakubwa wengi wa chama hawakupendezwa na watu wanaoamua mambo yao wenyewe. Na baada ya miaka michache, tangu 1973 mpaka 1976, watu mamilioni walihamishwa vijijini kwa amri, na mahali pengine kwa nguvu. Kilichoanzishwa na vijana kwa hiari kilitafutwa tena kwa lazima, wala hakikupatikana.

Tunajifunza nini? Kwanza, kwamba vijana wasio na kitu waweza kuanzisha kazi ambayo hata wakuu wa nchi huiangalia na kujifunza, ikiwa mfuko ni wao na shauri ni lao. Pili, kwamba kumkabidhi mtu, kisha kumnyang'anya kwa kuwa amefanya vizuri bila kukuuliza wewe, ni kosa kubwa kuliko kutomkabidhi kabisa. Maana asiyekabidhiwa atangojea. Lakini aliyenyang'anywa atawaambia watoto wake wasijisumbue. Nasi wanavijiji tusijidhani kwamba mambo haya ni ya vyama na serikali tu. Mzee amwachiaye kijana shamba la miti lililokuwa pori, kisha miti inapokomaa akasema, “Shamba ni langu,” amefanya Litowa ndogo nyumbani mwake.

Hata hivyo hatutakuwa wakweli tukiwalaumu wazee peke yao. Tugeuke upande wa pili, tuone mfuko uliotolewa bila hesabu.

Mwaka 2018 sheria ya fedha za serikali za mitaa ilirekebishwa, hata kila halmashauri ikalazimishwa kutenga sehemu 10 katika 100 za mapato yake ya ndani, iwe mikopo isiyo na riba: sehemu 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Hakika huo ni mfuko, tena mkubwa, na sheria hiyo ni ya kusifiwa. Mkulima wa viazi wa Njombe na mshonaji wa Mafinga, ambao benki isingewafungulia mlango, waliweza kwenda katika halmashauri yao kwa haki. Lakini ilikuwaje? Taarifa za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zilionyesha kwamba mikopo mingi haikurejeshwa, na mingine ilitolewa kwa vikundi ambavyo havikuwapo ila katika karatasi. Mwezi wa Aprili 2023 Serikali ikasimamisha utoaji wake ili utaratibu utengenezwe upya, na mwaka 2024 mikopo ikaanza tena kutolewa kwa masharti mapya.

Katika miezi ile ya kusimamishwa, nani aliumia? Si wale waliokula. Waliokula walikuwa wamekwisha kushiba. Aliyeumia ni kijana mwaminifu ambaye kikundi chake kilikuwa kimekaa, kimeandika majina, kimechagua kazi, nacho kikaambiwa kingoje. Kwa hiyo kijana asidhani kwamba mkopo asiourudisha ameuchukua kwa serikali, iliyo mbali na isiyo na uso. Ameuchukua katika mkono wa kijana mwenziwe aliyekuwa nyuma yake katika safu. Wahenga walisema, “Mali bila daftari hupotea bila habari.” Na inapopotea hivyo, hupotea pamoja na sifa njema ya rika zima, maana wazee husema, “Mliona? Tuliwaambia vijana hawawezi.” Nasi tulioisoma ile habari ya bwana aliyewaachia watumwa wake talanta twajua kwamba aliwaachia kweli, akasafiri, na pia kwamba alirudi akafanya hesabu nao. Asiyetaka siku ya hesabu asiitamani siku ya kukabidhiwa.

Je, iko njia ya kuvishika vyote viwili pamoja? Iko, na tena haiko mbali. Mara nyingi imo mikononi mwa mama zetu na dada zetu. Vikundi vya kuweka na kukopa, ambavyo wengi huviita vikoba, vimeenea katika vijiji vyetu. Asili moja ya mpango wa namna hii ni nchi ya Niger, ambako shirika la CARE lilianza mwaka 1991 pamoja na wanawake wa vijijini, na baadaye mpango huo ukaenea katika nchi nyingi za Afrika pamoja na yetu.

Utaratibu wake ni mwepisi. Watu wapatao ishirini au thelathini, wanaojuana, hukutana kila juma. Liko sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na kila funguo hushikwa na mtu wake. Hata mtunza sanduku hawezi kulifungua peke yake. Fedha huhesabiwa mbele ya wote, na kiasi hutajwa kwa sauti, ili hata asiyejua kusoma akumbuke. Anayekopa hueleza mbele ya wenzake anataka kufanyia nini. Kiko na kifungu kidogo cha kando kwa ajili ya ugonjwa na msiba. Mwisho wa mwaka hufungua sanduku, wakagawana akiba na faida, kisha wakaanza upya.

Msomaji atazame vizuri, ataona kwamba sanduku lile lina hekima yote tuliyoitafuta. Mfuko ni wao kweli, hapana mzee wala ofisa awezaye kuwanyang'anya kwa amri. Na hesabu ni ya kweli, kwa maana husomwa wazi mbele ya watu ambao utakutana nao kesho kisimani. Kufuli tatu hazisemi kwamba wanachama ni wezi. Zasema kwamba mtu mwema naye asaidiwe kubaki mwema. Na hii ndiyo ile dawa tuliyoiahidi: biashara haitaimeza huruma mahali ambapo kila juma mtu aweza kuuliza, “Faida imekwenda wapi?” na jibu likatolewa kwa sauti mbele ya wote.

Tena twaona kwamba wale waliosahauliwa katika ubusoka, yaani wanawake, ndio leo wanaotufundisha. Wasichana wengi wa Iringa na Njombe huondoka wakiwa wadogo kwenda Dar es Salaam kutumika katika nyumba za watu. Twawaona wakirudi siku ya sikukuu na nguo nzuri, wala hatuulizi waliishije. Kama tukisema juu ya kuwakabidhi vijana, na katika mawazo yetu twawaona wavulana tu, tutakuwa tumeikabidhi nusu ya nchi, na nusu nyingine tumeipeleka mjini kufua nguo.

Basi, ndugu zetu, twatoa shauri letu kwa maneno machache.

Kwenu ninyi wazee, na sisi walimu pamoja nanyi: tuwape vijana kitu halisi. Kiwe kidogo, si neno: ekari moja ya kijiji, mashine moja, mizinga ishirini ya nyuki, au banda la kuoteshea miche ya parachichi. Tuwape na siku, iandikwe katika kumbukumbu za mkutano: tangu tarehe fulani, kazi hii ni yenu. Baada ya siku hiyo tusiingie kila asubuhi kuwaonyesha namna ya kushika jembe. Tuje siku ya kusomwa hesabu, tusikilize, tuulize maswali magumu, kisha turudi nyumbani. Wakipata hasara ya kweli, iliyotokana na mvua au bei, tusiwacheke. Maana nasi tulipoanza kulima tulipata hasara, ila baba zetu ndio walioilipa. Na wakipata faida kubwa, hapo ndipo tutakapojaribiwa sisi, kama tutaikumbuka ile tarehe iliyoandikwa.

Kwenu ninyi vijana: msingoje sherehe. Chagueni shida moja ya kijiji mnayoijua vizuri, msichague kumi. Anzeni na watu mnaowajua, ambao mkidanganyana mtaoneana haya. Nunueni daftari kabla ya kununua chombo cho chote, na siku ya kwanza mpange siku ya kulisoma mbele ya watu. Mkikopa, rudisheni, hata kama jirani yenu hakurudisha. Wala msiseme, “Sisi ni maskini, hatuna cha kuibiwa wala cha kuulizwa.” Vijana watatu wa Iringa walianza na kinyesi cha tembo, na wa Litowa walianza na njaa.

Na itakapotajwa tena katika mkutano kwamba vijana ni taifa la kesho, twawaomba wasomaji wetu, wazee kwa vijana, wasipige makofi upesi. Na asimame mmoja kwa adabu, aulize: “Ni tarehe gani, na ni kitu gani?” Akipata jibu, liandikwe, na akikosa, mkutano usifungwe kwanza.